Mwindaji asiyeshika usukani: ajira ya afisa wa mbinu kwenye helikopta za manowari

Nyambizi imechungulia juu ya maji, rada ikainasa kwa sekunde chache, kisha ikazama. Helikopta inafika mahali hapo dakika 15 baadaye. Kama nyambizi inakwenda maili 10 za baharini kwa saa, sasa inaweza kuwa popote ndani ya duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni maili mbili na nusu. Ukichelewa dakika nyingine 15, umbali huo unakuwa maili tano, na eneo la kupekua limeongezeka mara nne, si mara mbili. Anayepiga hesabu hiyo kichwani, huku mafuta yakipungua na meli aliyotokea ikizidi kusogea, si rubani. Ni afisa wa mbinu za medani.

Kila jeshi lina jina lake. Waingereza humwita mwangalizi, jina la upole mno kwa mtu anayeweza kuwa ndiye mkuu wa helikopta nzima ingawa hashiki usukani. Kanada ni afisa wa mifumo ya mapigano ya anga. Katika majeshi ya NATO amezoeleka kwa kifupi cha TACCO, neno ambalo Mswahili hawezi kulitamka mbele ya wakwe, kwa hiyo tuliache.

Kijana akiitazama ajira hii huwa na maswali mawili: inafaa? Na itakuwepo miaka 20 ijayo? Majibu yake hayaelekei upande mmoja.

Tuanze na utamu wake, maana upo. Bahari kwa anayewinda nyambizi si maji tu. Juu maji yana joto, chini yanapoa, na pale joto linapobadilika ghafla sauti hupinda. Nyambizi hupenda kulala chini ya mpaka huo. Afisa wa mbinu ndiye anayeamua sonari, kifaa cha kusaka kwa sauti majini, iteremshwe kwa kebo hadi kina gani, maboya ya kusikilizia yaangushwe wapi, na swali gumu kuliko yote: tusikilize kimya, au tupige mlio? Ukipiga mlio unapata umbali na mwelekeo papo hapo, lakini nahodha wa nyambizi naye amekwishajua uko hapo. Ukinyamaza, hajui, na wewe huenda usijue. Wakati huo marubani wameituliza helikopta chini, karibu na mawimbi, pengine usiku wa giza totoro, kebo ikining'inia, wakingoja neno lake. Wakiambiwa "pandisha, tunahama," wanahama.

Uamuzi wa mtu huyo umewahi kubadili vita. Tarehe 25 Aprili 1982, wakati wa vita vya Uingereza na Argentina vya kugombea visiwa vya Falklands, helikopta ya Wessex kutoka manowari HMS Antrim iliikuta nyambizi ya Argentina, Santa Fe, ikiondoka Grytviken, kisiwani South Georgia. Aliyeiona kwenye rada ni mwangalizi, Chris Parry. Mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji, yaliijeruhi kiasi cha kushindwa kuzama, ikalazimika kurudi ilikotoka, na siku hiyohiyo kikosi cha Argentina pale Grytviken kikasalimu amri. Parry alikuja kustaafu akiwa na cheo cha admirali wa nyuma (rear admiral). Kwa hiyo anayedai kwamba kiti hiki hakina ngazi ya kupanda, ajibiwe kwa mfano huo.

Lakini vita hivyohivyo vina upande wa pili, ambao wanaosajili vijana hawausimulii sana. Nyambizi nyingine ya Argentina, San Luis, ilisakwa kwa majuma na haikupatikana. Waingereza walitumia silaha nyingi juu ya mwangwi uliogeuka kuwa si nyambizi, nyangumi wakiwemo. Kama torpedo za San Luis zenyewe zingefanya kazi sawasawa, historia ingesomeka vingine. Sehemu kubwa ya kazi hii ndivyo ilivyo: saa nyingi za kutafuta kitu ambacho pengine hakipo, na unaporudi huna uhakika kama hakikuwepo au kimekupita. Mtu anayetaka kuona matunda ya kazi yake kila jioni atapata tabu sana hapa.

Kuna mjadala mwingine ambao kwangu ndio mzito zaidi: je, kiti hiki kinastahili mtu wake? Marekani ilijibu kwa namna yake. Katika helikopta ya Seahawk aina ya SH-60B, iliyoingia kazini katikati ya miaka ya 1980, na mrithi wake MH-60R, afisa wa mbinu ni rubani wa pili anayekaa kushoto, na nyuma yake yuko mtaalamu wa vitambuzi. Leo unarusha, kesho unaongoza mapambano. Waingereza na Wakanada wakaamua tofauti: huyu ana fani yake, mafunzo yake na beji yake. Mwangalizi wa Uingereza anafunzwa Culdrose, Cornwall. Mkanada anapitia Winnipeg kabla ya kuingia kwenye helikopta.

Hoja ya Wamarekani ina mashiko. Watu wachache, gharama ndogo, na rubani anayeijua picha nzima ya mapambano. Na ukiacha jeshi una saa za kurusha zinazokubalika kwenye leseni ya kiraia. Hapo ndipo pigo la upande wa pili lilipo, na wengi hulijua wakiwa wamechelewa: saa 2,000 za kukaa kiti cha mbinu hazikupi leseni ya urubani hata ndogo. Utatafuta kazi kwenye kampuni za ulinzi, uratibu wa uokoaji, au ofisi ambako itabidi ueleze upya ulikuwa ukifanya nini.

Pamoja na hayo, mimi naegemea kwa Waingereza. Kuelea juu ya bahari usiku kunataka macho mawili kwenye vipimo vya ndege muda wote. Kumpa mtu huyohuyo na hesabu ya duara lile ni kumgawa nusu kwa nusu, na siku ya mapambano yenyewe hujui ni nusu ipi itakayokosekana.

Hatari nayo isisemwe kwa haraka. Mwaka 2020, ndani ya miezi mitatu, helikopta mbili za aina hii zilianguka bila adui yeyote kuhusika. Aprili 29, Cyclone ya Kanada ilianguka Bahari ya Ionia ikirudi kwenye manowari Fredericton, wote sita wakafa. Julai 19, NH90 ya Uholanzi ilianguka karibu na Aruba, akafa rubani na afisa wa mbinu, wawili wakaokoka. Helikopta ikigusa maji huelekea kupinduka, kwa sababu injini na uzito mkubwa viko juu. Ndiyo maana wote hufundishwa kujinasua ndani ya chumba kinachozamishwa kichwa chini, taa zimezimwa. Afisa wa mbinu anayekaa nyuma, mbali na kioo cha mbele, njia yake ya kutokea lazima aijue kwa kupapasa.

Halafu kuna vyombo visivyo na mtu. Mwishoni mwa 2020 ilijaribiwa droni ya MQ-9 ikiangusha maboya ya kusikilizia, na Waingereza wanaiunda Proteus, helikopta isiyo na rubani inayolengwa pia kwa kazi hiyo. Wapo wanaosema basi, ajira imekwisha. Sioni hivyo. Anayeondolewa kwanza katika mipango hiyo ni mwenye usukani, na Marekani yenyewe imeshaistaafisha MQ-8, helikopta yake isiyo na rubani iliyosifiwa mno. Boya likishaangushwa bado anatakiwa mtu wa kusema huyu ni nyangumi au si nyangumi, na tupige mlio au tungoje.

Kinachoweza kuhama ni kiti. SH-60B ilikuwa tayari inatuma sauti za maboya hadi melini, zikachambuliwe na watu waliokaa kwenye chumba kisicho na dirisha. Kijana anayejaza fomu leo huenda akamalizia ajira yake katika chumba kama hicho. Kama akili yake iko kwenye fumbo, mbona atafurahi humo. Ila kama aliomba urubani akakosa, na anapokea kiti hiki ili angalau awe angani, ningemshauri asitie saini.