RX-8 kwa Mfuko Mwembamba: Nani Atalipia Injini ya Pili?

Hoja ninayoipima hapa imenifikia zaidi ya mara moja, kila mara ikitoka kwa vijana wa Tanga wenye hamu kubwa na mfuko mwembamba: kwamba njia nafuu kuliko zote ya kupata gari la michezo lenye nguvu ni kununua Mazda RX-8 iliyokufa injini, kuifufua, kisha kuifunga tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini. Bei yake huwa chini kwa sababu watu wanaliogopa, ilhali mgawanyo wake wa uzito, ambao ni karibu nusu mbele na nusu nyuma, pamoja na saspensheni yake na gia sita za mkono, ni vitu ambavyo kwenye gari jingine vingemaliza akiba ya miaka. Wanaopinga, na katika gereji za Ngamiani hapa Tanga ndio wengi, hujibu kwa kifupi kwamba hilo ni gari la kununulia majuto. Naona kila upande umeshika nusu ya hesabu.

Injini hiyo ni ya rotari, ya ukoo ambao Mazda huuita 13B. Ndani yake hakuna pistoni, hakuna valvu wala kemshafti. Kuna rota mbili za pembe tatu, umbo la sambusa iliyovimba ubavuni, zinazozunguka ndani ya chumba kinachofanana na namba nane iliyonenepa kiunoni. Rota ikikamilisha mzunguko mmoja, shafti ya katikati huwa imezunguka mara tatu, na katika kila mzunguko wa shafti kila rota hutoa mlipuko mmoja. Ndiyo maana injini inayoandikwa cc 1,308 hupumua kama kubwa zaidi, na huko Japani ujazo wake huzidishwa kwa 1.5 wakati wa kukadiria kodi ya gari. Toleo la gia sita lilipoingia sokoni mwaka 2003 lilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 250, bila tabo yoyote, na mshale wake wa mizunguko huruhusiwa kufika 9,000 kwa dakika.

Urahisi huo wa ndani ndio msingi wa hoja ya wanaounga mkono, na si hoja ya kupuuzwa. Vitu vikubwa vinavyozunguka ni vitatu tu. Injini ikishushwa na kuwekwa mezani, hufunguliwa tabaka kwa tabaka kama vyombo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikiwa vimekazwa pamoja kwa boliti ndefu zinazopita kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kijana mtulivu mwenye meza safi na kitabu cha vipimo anaweza kujifunza kazi hiyo. Hutaja pia ushindi wa Mazda 787B, gari lenye rota nne, katika mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991, kuwa ni ushahidi kwamba ubunifu huu ulioanzishwa na Mjerumani Felix Wankel katika kampuni ya NSU unaweza kudumu. Hapo mimi husita. Injini ya mbio huandaliwa kwa mbio hizo na hulindwa na wahandisi usiku kucha, ilhali ile iliyosimama chini ya mwembe Chumbageni imepita mikononi mwa watu ambao huenda hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba inakula oili kwa makusudi.

Kwa makusudi, naam. Pampu ndogo huchota oili ya injini na kuiingiza ndani ya chumba ili kulainisha sili za kwenye ncha za rota, yaani vipande vinavyoziba mwanya kati ya rota na ukuta, na oili hiyo huungua pamoja na petroli. Mwenye gari aliyezoea Toyota husubiri siku ya sevisi ndipo apime oili. Kwenye RX-8 mazoea hayo ni hukumu, kwa kuwa kipimo kinapaswa kuchomolewa karibu kila anapojaza mafuta. Sili zikikauka hulika, kampresheni, yaani mgandamizo ndani ya chumba, hushuka, na gari huanza ile tabia inayojulikana: asubuhi linawaka vizuri, lakini ukilizima likiwa la moto haliwaki tena mpaka lipoe. Sili mpya zinaweza kuagizwa. Bajeti huzama pale ukuta wa chumba unapokuwa umechanika, kwa sababu ukuta huo umefunikwa kwa tabaka jembamba la kromu na hauwezi kuchongwa upya kama tunavyochonga bloku za injini za kawaida; hutafutwa mwingine, nao haupatikani Tanga.

Jambo jingine ni joto. Vyumba vya rota ni vya aluminiamu na sahani zinazovitenganisha ni za chuma cha kusubu, metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, na katikati yake kuna sili za mpira zinazozuia maji yasiingie ndani. Injini ya pistoni ikichemka mara moja huweza kusamehe. Hii mara nyingi haisamehi. Katika mji wenye joto la Januari hadi Machi kama huu wetu, huku vumbi likijaza vipoozea viwili vya oili vilivyojificha kwenye kona za bampa la mbele, desturi ya kujaza maji ya bomba kwenye rejeta na kuondoka haifai kabisa.

Ila si kila kilio cha mafundi ni cha haki. Niliwahi kukuta RX-8 katika gereji moja hapa mjini ambayo asubuhi ilisogezwa mita chache tu kutoka kivulini, ikazimwa ikiwa bado baridi, kisha ikagoma. Kufikia adhuhuri pampu ya mafuta ilikuwa imeshafunguliwa na injini imetangazwa kuwa imekufa. Ilikuwa imelowa petroli tu, jambo la kawaida kwa injini hizi zikizimwa kabla ya kupata moto. Pampu iliporudishwa, tulikanyaga mafuta hadi mwisho, hali ambayo hukata petroli, tukapiga starta kwa vipindi. Ikakohoa, ikatoa moshi mzito, ikawaka. Hadithi kama hiyo inaonyesha kwa nini magari haya yana bei ya chini, na ni sehemu ya sifa mbaya ambayo injini haikuistahili.

Sehemu nyingine ya bei huonekana bandarini. Uzalishaji wa RX-8 ulikoma mwaka 2012, hivyo kila moja inayoagizwa leo imevuka miaka kumi na itatozwa nyongeza ya uchakavu juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Ujazo mdogo wa injini hupunguza kidogo, lakini hauondoi mzigo huo. Kwa mwenye fedha kidogo, gari lililokwisha kulipiwa kila kitu na kukwama hapa nchini lina mantiki zaidi kuliko lile linalong'aa kwenye picha za mnada wa Japani.

Ninapoachana na vijana hawa ni kwenye tabo. Injini ya RX-8 ina uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1, wakati 13B-REW ya RX-7 ya mwisho, iliyoundwa kwa tabo kutoka kiwandani, ina 9 kwa 1. Mgandamizo mkubwa ukiongezewa hewa ya kusukumwa huleta mlipuko usio wa wakati wake, na mlipuko mmoja tu wa namna hiyo unatosha kuvunja sili. Ili kuuepuka zinahitajika nozeli kubwa za petroli, kipoza hewa, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inayoweza kupangwa upya na mtu anayejua kuipanga. Kila shilingi inayokwenda huko inachotwa kwenye fungu la injini ya pili, nayo injini ya pili itahitajika. Farasi 250 wenye afya, katika gari la kilo 1,300 hivi, kwenye kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto, si gari dhaifu. Fedha ya tabo ingewekwa kwenye plagi na koili zinazozipa umeme, maana koili iliyochoka huacha petroli ghafi ipite hadi kwenye masega ya kusafishia moshi ndani ya eksozi, masega yakayeyuka na kuziba, na joto likarudi nyuma kuzitafuna sili zile zile.

Anayetaka nguvu nyingi kwa fedha kidogo, na hajali kona, namshauri aache rotari kabisa atafute Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE: lita 2.5, tabo ya kiwandani, farasi 280, na fundi wa kuifungua yupo karibu kila mtaa.

Kijana wa mwisho aliyeniuliza nilimsindikiza kukagua gari. Tulichomoa plagi, tukafunga geji ya kawaida ya kampresheni huku nimebonyeza vali yake isishike, tukapiga starta. Rota yenye afya huurusha mshale mara tatu kwa urefu ulio sawa, tena na tena. Huu uliruka mara mbili, ukajikokota mara ya tatu. Muuzaji akasema, "Hiyo plagi tu hiyo, kaka." Tulimpa bei ya gari lisilo na injini. Alikataa, na gari bado lipo pale pale, matairi ya upande mmoja yakiwa yameshaisha upepo.