Usimtoroke mtoto, muage

Nyumba nyingi za mjini zina mchezo huu wa asubuhi. Dada wa kazi anambeba mtoto kwenda uani kutazama kuku, mama anashika viatu mkononi na kutokea mlango wa mbele akinyata kama mwizi. Mtoto akigeuka, mama hayupo. Wakubwa ndio wanaotufundisha: "Toka asikuone, atalia." Mimi siukubali mchezo huu.

Atalia, ndiyo. Ukimuaga atalia kwa nguvu, na utapanda daladala kilio bado kiko masikioni. Lakini analia akijua kilichotokea. Aliyetorokwa anajifunza kwamba mama anaweza kupotea wakati wowote, ukigeuza shingo tu. Ndiyo maana jioni hakuachii hata uende chooni, na Jumamosi anakuganda tangu alfajiri. Kisha tunasema amedeka.

Kinachowachanganya wazazi ni umri. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 (baba siku 3, na hilo linastahili makala yake). Ukirudi kazini mtoto ana miezi mitatu hivi au pungufu, anapokelewa na yeyote na anacheka. Unajisifu kwamba umepata mtoto mpole. Akikaribia miezi minane anaanza kukung'ang'ania shingo mlangoni, na hataki wageni. Hajaharibika, akili imekua. Sasa anajua kwamba usipoonekana bado upo mahali fulani, ila "jioni" hajui ni nini. Kwa watoto wengi hali hii huendelea hadi mwaka na nusu au zaidi, halafu hupungua.

Wapo watakaosema haya ni ya Wazungu. Basi wajue kwamba mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa akizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akizungumza na akina mama huku akitazama watoto wao. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza vitu, akigeuka kumwangalia mama, akimrudia, kisha akienda tena mbali zaidi. Mama akiwepo, mtoto anathubutu. Kitabu chake kilitoka 1967, na mengi yanayofundishwa leo duniani kuhusu mapenzi ya mtoto na mlezi wake yalianzia kwenye nyumba zile za Buganda.

Kuaga hakuhitaji muda. Mkabidhi kwa dada, mwambie maneno yaleyale kila siku, "Mama anaenda kazini, nitarudi ukishaoga," kisha uende kweli. Kurudi mlangoni mara tatu kumbembeleza kunamuumiza zaidi. Na ule mchezo wa kujifunika kanga usoni na kujifunua, uchezeni sana. Ndani yake mtoto anazoea kwamba aliyepotea hurudi.

Halafu kuna dada mwenyewe. Kwa mtoto aliyeshinda naye kutwa, huyu ni mtu wake. Lakini akigombana na mama wa mtoto anafungasha usiku, mtoto anaamka hayupo, na hakuna anayemwambia lolote. Wiki ijayo kuna dada mpya na tunashangaa mtoto hali chakula. Ugomvi wenu ni wenu. Mwache dada ambebe mtoto, amuage mchana kweupe, na kama inawezekana akae na yule mpya siku mbili tatu. Na mshahara mlipe kwa wakati, pengine hataondoka kabisa.