Dido na Lutaaya: kilio cha mtu anayejililia

Kumlilia aliyekufa kumezoeleka. Kigumu ni mtu kujililia mwenyewe angali hai. Nyimbo mbili zimelifanya jambo hilo vizuri kuliko zote ninazozijua: wimbo wa mwisho wa malkia Dido katika Dido and Aeneas, opera (mchezo wa kuimbwa) ya Mwingereza Henry Purcell iliyochezwa mwaka 1689 katika shule ya wasichana Chelsea, London, na Alone and Frightened wa Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki wetu wa Uganda, wa mwaka 1989. Zimeachana miaka 300.

Ajabu ni jinsi zinavyoanzia mahali pamoja. Dido, baada ya kuachwa na mpenzi wake Aeneas, anaomba mkono wa Belinda, mwandani wake, kwa kuwa giza linamfunika. Lutaaya naye analiogopa giza, naye anaomba ashikwe mkono kwa kuwa amechoka na yuko peke yake. Baada ya hapo kila mmoja anashika njia yake.

Purcell ameweka chini ya sauti ya Dido besi, yaani mstari wa ala za sauti nzito, inayoshuka taratibu, nusu hatua kwa nusu hatua, ikifika chini inaanza upya juu, kisha inashuka tena. Inarudia hivyo mpaka mwisho. Sauti inahangaika juu yake, inaanza sentensi kabla besi haijamaliza yake, kana kwamba inatafuta mlango. Anapoomba akumbukwe, anaing'ang'ania noti moja. Baadaye anaipandisha juu kabisa, na besi wala haimngoji. Asiyejua neno la Kiingereza ataelewa kwamba huyu hatoki.

Lakini sikilizeni anachoomba: nikumbukeni, ila yaliyonipata yasahauni. Ombi hilo tunalijua Uganda. Miaka ya themanini, silimu, yaani UKIMWI, ilipokuwa inamaliza watu, familia nyingi zililitoa matangani bila kulisema. Marehemu alisifiwa, ugonjwa ukafichwa. Ikatajwa malaria, au jirani akashukiwa uchawi. Heshima ya marehemu ililindwa, na walio hai wakaachwa bila onyo.

Lutaaya aliligeuza ombi hilo. Mwaka 1989 alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI, Mganda mashuhuri wa kwanza kufanya hivyo. Wapo waliodai anatafuta umaarufu. Akazunguka mashuleni na makanisani huku mwili ukiisha, na katika wimbo akasema leo ni yeye, kesho ni mwingine. Alitaka yaliyompata ndiyo yakumbukwe, hata kama jina lake lingechafuka.

Nimesikia watu wa muziki wakisema wimbo wake ni mwepesi mno ukiuweka karibu na Purcell. Sikubaliani nao. Wimbo wa Dido unahitaji koo lililofundishwa miaka mingi. Sisi wengine tunakaa kimya na kusikiliza, na kimya hicho kinaufaa, maana hakuna tunaloweza kumfanyia. Kiitikio cha Lutaaya anaweza kukiimba mtoto wa shule pale Bombo au mama wa sokoni Arua, na akikiimba tayari ameukubali mkono alioombwa. Kama kingekuwa kigumu zaidi, kingewafungia nje watu waliokusudiwa. Tena Dido akishakufa jukwaani, mwimbaji wake huinuka, akapigiwa makofi. Lutaaya alikufa tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na miaka 38.

Linaniuma kwamba kila Desemba redio zetu zinampiga tangu asubuhi, lakini ni zile nyimbo zake za Krismasi. Alone and Frightened unangoja siku za kumbukumbu. Ningependa kwaya moja ya Kampala iziimbe zote mbili usiku mmoja. Dido atangulie, kwaya imsindikize kama Purcell alivyoandika, na kabla ya makofi yoyote aingie Lutaaya, taa zikiwa zimewashwa ili wasikilizaji waonane wanapoitikia.