Baa Ukutani: Sanaa Inasifu Ulevi au Inauanika?

Maonyesho ya sanaa yakichukua mada ya baa, klabu na unywaji wa mjini, lawama hufika kabla ya watazamaji: mnatukuza pombe. Si lawama ya kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa pombe ilichangia vifo milioni 2.6 mwaka 2019, na vifo hivyo havionekani kwenye picha ya glasi inayong'aa chini ya taa nyekundu.

Ila picha zenyewe ni kaidi, hazimtii mlaumu wala mtetezi. Mwaka 1751 mchoraji Mwingereza William Hogarth alichora mtaa wa wanywaji jini (ile pombe kali): mama amelewa chakari, mtoto anamponyoka na kuporomoka kutoka ngazini. Mahubiri matupu, utasema. Lakini picha hiyo ilitoka na pacha wake, mtaa wa wanywaji bia, ambako watu wamenona, kazi zinakwenda, na aliyefulia ni mkopeshaji wa rehani peke yake. Kumbe hata mhubiri alikuwa na kinywaji chake cha kukipigia debe!

Mchoraji Mfaransa Edgar Degas naye alimchora mwanamke aliyeduwaa mbele ya glasi ya absinthi, pombe kali, na mwanamume kando yake. Ilipoonyeshwa London mwaka 1893, wakosoaji walishikana mashati: uchafu huu, au onyo? Wale "walevi" wawili walikuwa mwigizaji Ellen Andrée na mchoraji Marcellin Desboutin, waliokaa ili wachorwe.

Watetezi wana hoja nzito zaidi wanaposema usiku si chupa tu. Katika picha maarufu ya Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali, iliyopigwa Bamako Krismasi ya 1963, kijana na msichana wanacheza, vichwa vimekaribia kugusana. Nchi yao ina miaka mitatu tu ya uhuru. Maonyesho ya kituo cha sanaa cha Barbican, London, ya mwaka 2019 kuhusu klabu na kabareti yalizihusisha pia klabu za Mbari za Nigeria, walikokutana waandishi na wachoraji. Ukiufuta usiku kwa kuogopa pombe, unafuta na hayo.

Mimi naegemea upande wa watetezi, kwa shingo upande. Kinachonikera ni kwamba anayeuhudumia usiku huachwa nje ya fremu: mhudumu, bawabu, anayedeki matapishi alfajiri. Mchoraji Mfaransa Édouard Manet hakumwacha. Mwaka 1882 alimweka mhudumu wa Folies-Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris, katikati kabisa, mikono juu ya kaunta, chupa zimepangwa kulia na kushoto kwake, macho yake hayamwoni mtu. Umati unaostarehe umebaki kwenye kioo nyuma yake.

Halafu kuna suala la mfadhili. Kiwanda cha bia kikigharamia ukumbi, msimamizi wa maonyesho anaweza kuapa kwamba hakuingiliwa, na huenda ni kweli. Hata hivyo, mimi nitapita nikihesabu: picha ngapi zina watu wanaocheka, na ngapi zina mtu kama yule wa Degas.