Vimulimuli Lindi: si ukame peke yake

Mwandishi wa makala ya kupungua kwa vimulimuli Lindi ameulaumu ukame tu. Buu wa kimulimuli hukaa miezi mingi kwenye udongo wa unyevu akila konokono, hivyo anayechoma majani bondeni anamuunguza huko huko. Wakulima wa mikorosho, salfa ya unga ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu; dawa ya maji ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, ndiyo inayomaliza wadudu. Msizipige zote kila raundi kwa mazoea! Kagueni machipukizi kwanza, pulizieni miti iliyoshambuliwa tu, asubuhi pasipo upepo, mbali na bonde. Taa za nje zimulike chini, maana dume na jike hutafutana kwa mwanga.