Kadi za picha hazimzuii mtoto kuongea

Kuna makala yaliyosema kwamba kadi za picha, zile ambazo mtoto humpa mtu ili kuomba anachotaka, humfanya mtoto mwenye usonji abweteke, asijaribu kuongea. Si kweli, na nawasihi wazazi wenzangu wa Mombasa wasizitupe. Mara nyingi tatizo ni namna zinavyoanzishwa.

Mwanzoni panahitajika watu wazima wawili. Mmoja aketi mbele ya mtoto na kitu anachokipenda, tuseme kachiri za muhogo. Kati yao iwepo kadi moja tu. Wa pili akae nyuma, kimya kabisa. Mtoto akinyoosha mkono kwenye kachiri, huyo wa nyuma auongoze mkono huo uokote kadi na kuitia kiganjani mwa yule wa mbele. Papo hapo mtoto apewe kachiri, huku akitajiwa: "Kachiri!" Kipande kidogo, asije akashiba mapema.

Kosa kubwa ni kuuliza "wataka nini?" Akizoea, hatoomba mpaka aulizwe. Wa nyuma naye apunguze msaada kuanzia mwisho: kwanza kuiachia kadi, kisha kuipeleka, kisha kuiokota. Kadi ya pili ya kuchagua isubiri mpaka aweze kumfuata mtu hadi chumba kingine kumpa ile ya kwanza.