Marejeo ni mengi, na waliotoa damu je?

Nimesoma habari inayomsifu mtafiti wa kinga ya mwili kwa kuwa makala zake zinarejelewa na wanasayansi wengi. Anastahili, hongera zake. Lakini mwandishi, mbona waliozipa makala za namna hiyo uhai kwa kutoa damu hukuwagusa? Majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S, yalifika kwetu Kombewa na Siaya, magharibi mwa Kenya, mwaka 2009. Akina mama walipanga foleni na watoto mgongoni, kidole kikachomwa, mtoto akalia, na tarehe ya kurudi ikifika wakarudi tena. Septemba 2019 chanjo ikaanza kutolewa Homa Bay. Kwangu hilo ni zito kuliko idadi yoyote ya marejeo. Na matokeo ya majaribio kama hayo yaletwe baraza la chifu, kwa Kiswahili na Dholuo, lugha ya Wajaluo, wazazi wayasikie na waulize maswali.